Picha ya Juu ya Tovuti Yako Iwe ya Duka Lako

Fungua tovuti kumi za biashara ndogo hapa Kenya na utakutana na watu walewale. Kuna yule dada wa vifaa vya kusikilizia, anatabasamu na meno yote nje. Kuna wanaume wawili wa suti wanashikana mikono juu ya meza ya kioo. Halafu kuna ile kompyuta nyeupe, kikombe cha kahawa kando yake, na mmea mdogo wa kijani. Ukiuliza wanauza nini, wa kwanza ni muuzaji wa mitungi ya gesi Kayole, wa pili ni fundi wa mapazia Eastleigh, na wa tatu anatengeneza friji. Hakuna mtungi, hakuna pazia, hakuna friji.

Sisi kazi yetu ni malipo, siyo picha. Hata hivyo tunaona wazi kwamba ile picha kubwa inayotangulia mtu akifungua tovuti yako, kabla hajasogeza chini hata kidogo, ina uhusiano na pesa kuliko watu wanavyodhani. Wengi wenu mlianza na nambari ya Till kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, mkaingia WhatsApp Business, mkafungua ukurasa wa Facebook, na sasa mna tovuti. Mtu wa kuwatengenezea tovuti akawauliza mnataka picha gani pale juu, mkamwambia, "weka tu yoyote inayokaa ya kiofisi." Hapo ndipo tunapotofautiana nanyi. Picha ya juu haifai kuonekana ya kiofisi. Inafaa kuonekana ya kwako.

Hebu fikiria mteja aliye Kitale anayetaka spika kutoka duka la Luthuli Avenue, Nairobi. Bei ni shilingi 8,500. Hajawahi kukuona, hajui duka lako liko ghorofa gani, na hana binamu Nairobi wa kumtuma akaangalie. Unamwambia alipe kwa Till, kisha mzigo utawekwa kwenye gari la usiku. Pesa yake itakufikia kwa sekunde chache, lakini spika itamfikia kesho, Mungu akipenda. Kati ya hizo sekunde na hiyo kesho, kitu pekee alicho nacho ni imani. Na pesa ya simu ikishatoka imetoka. Kuirudisha kuna utaratibu wake, na si kila mara hufaulu. Mteja anajua hivyo. Kama yeye hajatapeliwa, basi dada yake ametapeliwa, au jirani.

Kwa hiyo kabla hajaweka PIN anatafuta dalili. Anaangalia ukurasa wako juu chini. Anachokutana nacho kwanza ni wale wanaume wawili wa suti.

Picha ambayo tapeli anaweza kuiweka kwa dakika mbili haiwezi kukutofautisha na tapeli. Hiyo ndiyo hoja yetu yote. Ile picha ya kupakua bure kwenye Unsplash au Pexels ni nzuri, imepigwa na mtu anayejua kazi, na mara nyingi huruhusiwa kutumika bila malipo. Shida yake ni kwamba kila mtu anaweza kuipata. Haisemi wewe uko wapi, unauza nini, wala kama upo kweli. Lakini picha ya kaunta yako, na ubao wenye jina la duka na nambari ya chumba, na spika zimepangwa nyuma yako, hiyo inamwambia mteja kwamba kuna mlango anaoweza kuja kuubisha mambo yakiharibika. Huenda asije kamwe. Kinachomtuliza ni kujua kwamba anaweza.

Tunajua jibu litakalofuata, kwa sababu tunalisikia sana: "Lakini duka langu halipendezi." Ni kibanda cha mabati. Ni chumba kimoja nyumbani. Ni meza chini ya mwavuli Gikomba. Sasa, kupiga picha yako mwenyewe hakumaanishi upige kila kitu. Ukipita Ngong Road utaona mafundi wa samani wanaofanyia kazi kando ya barabara, chini ya turubai. Fundi wa namna hiyo hahitaji kuonyesha turubai wala ile ndoo ya gundi. Atoe kochi moja aliyolimaliza, aliweke mahali penye nafasi, na apige picha akiwa anakaza kitambaa cha mwisho, mikono ikionekana. Vumbi la mbao kidogo kwenye mikono halimwaibishi. Mtu anayenunua kochi la shilingi 45,000 anafurahi kuona mikono iliyolitengeneza.

Anayeuza mitumba ana kazi rahisi zaidi, maana rangi anazo tayari. Apange mashati kwenye hanga kwa rangi, nyeupe hadi nyeusi, na asogee karibu mpaka nguo zijaze picha nzima. Pale nyuma hapataonekana. Mama wa keki anayeoka nyumbani apige keki moja, aliyoioka yeye, juu ya meza iliyopanguswa karibu na dirisha. Asiweke keki ya ghorofa saba ya harusi ya watu wa Dubai. Mteja ataagiza ile ya ghorofa saba, ataletewa ya mbili, na vita itaanza siku ya sherehe mbele ya wakwe.

Hapa kuna sheria pia, wala si maneno ya kutishana. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumweleza mteja habari za uongo au za kumpotosha kuhusu bidhaa unayomuuzia. Picha nayo ni maelezo. Ukionyesha viatu vya ngozi halisi ambavyo hujawahi kuwa navyo, umesema kitu, hata kama hujaandika neno.

Wenye kazi ngumu kweli ni wale wasio na bidhaa ya kushika: anayeandika vitabu vya hesabu, anayesaidia watu kujaza ritani za KRA, wakala wa bima. Hao ndio hukimbilia ile kompyuta nyeupe, na kwa kweli tunawaelewa. Hata hivyo wana uso. Picha ya mtu mmoja, mwenye biashara mwenyewe, amekaa mezani pake mchana na anatazama kamera, inatosha kabisa. Kama hutaki uso wako uzunguke mtandaoni, piga mlango wenye jina la ofisi, au jengo ambalo wateja wanalijua. Na kama lazima uchukue picha ya kupakua, iweke chini zaidi kwenye ukurasa kama pambo. Nafasi ya juu iachie kitu chako.

Kuhusu upigaji wenyewe, simu uliyo nayo inatosha. Panguza lenzi kwanza na kitambaa safi. Nusu ya picha mbaya tunazoziona ni mafuta ya vidole tu. Halafu fikiria jua. Sisi tuko kwenye ikweta, na saa sita mchana jua linakaa utosini. Linatupa vivuli vyeusi chini ya macho na kufanya mabati yang'ae mpaka hakuna kingine kinachoonekana. Piga kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni, jua likiwa mgongoni mwako au ubavuni. Ukiwa ndani, fungua mlango, zima taa ya manjano, na utumie mwangaza wa mlangoni. Usivute picha kwa vidole ili kukaribia, tembea ukaribie. Laza simu, kwa sababu picha ya juu ya tovuti ni pana, siyo ndefu.

Upana huo ndio huwashangaza watu. Unapiga picha nzuri ya duka zima, unaipandisha, na ubao wenye jina unakatwa katikati. Chukua mfano wa kava ya ukurasa wa Facebook: inavyoonyeshwa kwenye kompyuta sivyo inavyoonyeshwa kwenye simu. Maumbo mawili tofauti, picha ileile. Tovuti nyingi pia hukata picha kulingana na kioo cha simu. Dawa yake ni kuweka kitu muhimu katikati na kuacha nafasi tupu pande zote, hata kama unaona ni ubadhirifu. Kisha ifungue kwa simu, usiishie kwenye kompyuta ya aliyekutengenezea. Wateja wako wako kwenye simu. Azima ya mtu mwenye kioo kidogo, ile iliyopasuka kona, uone kama bado unatambua kinachouzwa.

Kuna uzito pia. Picha inayotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu za siku hizi inaweza kuwa na megabaiti 4 au zaidi. Watu 100 wakifungua tovuti yako, wametumia megabaiti 400 za bando lao kuangalia mlango wako. Aliyenunua bando la shilingi 20 hatasubiri, atatoka kabla picha haijafika nusu. Lenga kilobaiti 200 au chini. Kuna zana ya bure inayoitwa Squoosh, inafunguka kwenye kivinjari na kupunguza picha bila kuiharibu sana. Au tumia njia ya kienyeji: jitumie picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, siyo HD wala kama faili, kisha uhifadhi ile iliyofika. Itakuwa imepungua sana. Faida nyingine ni kwamba WhatsApp huondoa taarifa za mahali picha ilipopigwa, ambazo simu nyingi huzificha ndani ya faili. Kama unaoka keki nyumbani, huna sababu ya kumpa kila mgeni wa tovuti ramani ya kufika sebuleni kwako.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Wengi huandika nambari ya Till juu ya picha yenyewe, kwa herufi kubwa nyekundu. Tunaomba msifanye hivyo. Kwanza, nambari iliyo ndani ya picha haiwezi kunakiliwa kwa urahisi. Mteja anaikariri, anaingiza tarakimu moja vibaya, na pesa inakwenda kwa muuza kuku wa Nakuru. Pili, na hili ni baya zaidi, mtu akichukua picha yako na kubadilisha zile tarakimu, amepata tangazo kamili: duka lako, jina lako, sifa zako, Till yake. Hana haja hata ya kufungua duka. Andika nambari kama maandishi ya kawaida chini ya picha, mahali ambapo mteja anaweza kuigusa na kuinakili, na pale ambapo wewe mwenyewe unaweza kuirekebisha ikibadilika. Msimbo wa QR nao uko hivyohivyo: ukiwa ndani ya picha, mtu anaweza kuufunika na wake, na hakuna jicho la binadamu linaloweza kusoma vile viraka vyeusi na kugundua tofauti.

Jina liandikwe, tena lisomeke vizuri kwenye ubao ulioko pichani. Lakini lilingane na jina ambalo mteja ataliona anapolipa. Simu humwonyesha jina la anayepokea, na watu wengi siku hizi husoma kabla ya kukubali, jambo tunalolifurahia. Ubao unasema duka la viatu, simu inasema jina la shemeji yako: hapo mteja anasita, na ana haki. Kama Till yako imesajiliwa kwa jina tofauti, omba lirekebishwe. Mpaka lirekebishwe, andika wazi karibu na nambari, "Ukilipa utaona jina fulani, ndilo letu." Sentensi moja tu, nayo inaokoa mauzo.

Kabla ya kupandisha picha, ikuze na uangalie vitu vidogo. Kuna nini juu ya kaunta? Kitabu cha stakabadhi chenye majina ya wateja? Kwa mawakala wa pesa hili ni hatari kubwa, kwa sababu lile daftari la kumbukumbu lina majina na nambari za simu, na pengine nambari za kitambulisho. Kamera za sasa ni kali; mtu akikuza picha anasoma kila mstari. Funika daftari, geuza simu kifudifudi, kisha upige.

Watu nao wasiingizwe hivihivi. Picha ya duka likiwa limejaa wateja inavutia, tunakubali, ila wale wateja hawakuja kuwa matangazo yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu sura ya mtu anayetambulika kuwa ni data yake. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Wakati huohuo, shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizochapishwa bila ruhusa ya wazazi. Duka letu la kawaida la mtaani haliwezi kubeba mzigo wa namna hiyo. Omba ruhusa, tena kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp wa "sawa, tumia." Kama hukuweza kumwomba, piga mgongo wake, au subiri atoke. Wafanyakazi wako pia uwaulize. Kulipwa mshahara si kukubali kubandikwa juu ya tovuti.

Kuhusu kuchukua picha ya mwenzako uliyoiona kwenye Google, tutasema kwa ufupi: kuonekana Google hakuifanyi kuwa ya bure. Picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na iko bodi ya kusimamia mambo hayo, KECOBO. Mwenye picha akikudai, huna la kujibu.

Kisha kuna hizi picha za kutengenezwa na akili bandia. Zimejaa. Sahani ya pilau inayong'aa kama gari jipya, na kuku aliyesimama na mapaja matatu. Ni rahisi, ni za haraka, na tunajua wenye hoteli wanaozipenda sana. Maoni yetu ni kwamba kwa picha ya juu ya biashara inayolipwa kabla ya kuleta bidhaa, hizi ni mbaya kuliko hata wale wa suti. Wale wa suti angalau hakuna anayedhani ni wewe. Hii pilau inamwahidi mteja chakula ambacho hakijawahi kupikwa jikoni kwako, wala jikoni kwa mtu yeyote. Pilau yako ya kweli, imepakuliwa kwenye sahani ya kila siku na kachumbari pembeni, inauza vizuri zaidi kwa sababu itafanana na ile itakayoletwa na bodaboda.

Na wewe unayelipa, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu mko upande huo, mambo haya yote yasome kinyume. Kabla ya kutuma pesa kwa duka usilolijua, bonyeza ile picha ya juu na uishikilie. Kwenye simu nyingi za Android zenye Chrome utapata nafasi ya kuitafuta kwa Google Lens. Ikitokea kwenye maduka mengine matano yenye majina tofauti, yawezekana ni picha ya kupakua tu na mwenye duka ni mtu mwema asiyejua kupiga picha. Yawezekana pia siyo. Usihukumu hapo hapo. Mwombe akutumie picha ya bidhaa yenyewe sasa hivi, na karatasi kando yake iliyoandikwa jina lako. Muuzaji aliye na mzigo atafanya hivyo kwa dakika tatu, akilalamika kidogo. Asiye na mzigo ataanza kueleza kuhusu stoo, kuhusu meneja aliyesafiri, na kuhusu wateja wengine wawili wanaoitaka ileile. Hapo weka simu mfukoni.

Picha yenyewe haikai milele. Ukihama kutoka ghorofa ya pili hadi ya nne, ukipaka duka rangi nyingine, ukiacha kuuza spika na kuingia kwenye televisheni, ibadilishe wiki hiyohiyo. Mteja aliyesafiri kutoka Machakos akatafuta mlango wa buluu ambao sasa ni wa kijani atakupigia simu akiwa amesimama mbele ya duka la mshindani wako, na mshindani anasikia mazungumzo yote.